Ukingoni mwa Unyayo: Kutunza Dishi la Nyumbani Ugenini

Setilaiti ya matangazo ya televisheni hukaa juu ya ikweta kwa urefu wa takriban kilomita 35,786, mahali ambapo mwendo wake wa kuizunguka dunia hulingana na mwendo wa dunia kujizungusha yenyewe, na kwa sababu hiyo mtu aliyesimama chini huiona kana kwamba imegandishwa angani. Kutoka hapo haimwagi mawimbi yake kila upande kwa usawa. Antena zake huundwa ili ziyaelekeze katika eneo maalumu, nalo eneo hilo huitwa unyayo, yaani alama ambayo mwale wa setilaiti huikanyaga juu ya uso wa dunia. Katikati ya unyayo mawimbi huwa na nguvu na dishi dogo hutosha. Kadiri mtu anavyosogea ukingoni ndivyo dishi linavyopaswa kuwa kubwa zaidi, hadi afike mahali ambapo hakuna dishi la kuwekwa juu ya paa la nyumba ya kawaida litakalofaa kitu. Mhamiaji anayetaka kutazama televisheni ya kwao huishi mara nyingi katika ukingo huo, akiokota mawimbi ambayo yeye hakukusudiwa kuyapata, na mengi ya yale yanayompata, ya kiufundi na ya kibinadamu, yanatokana na hali hiyo moja.

Kisa kinachochunguzwa hapa ni cha Seeb, mji wa pwani ulio magharibi mwa Maskati nchini Omani, na kumbukumbu zake ni za mwandishi wa makala haya, aliyeishi huko kuanzia mwaka 2006 hadi mwaka 2014 katika nyumba ya jamaa zake wenye asili ya Unguja. Familia za namna hiyo si chache nchini humo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 watu wengi walitawanyika, na Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, waliotoka Afrika Mashariki walirudi na Kiswahili chao, wakaendelea kukizungumza nyumbani, arusini na msibani, huku watoto wao wakisoma kwa Kiarabu na wajukuu wao wakikisikia Kiswahili kama lugha ya wazee. Mwenye nyumba hiyo ya Seeb alikuwa bibi mjane ambaye, tangu siku dishi lilipowekwa, aliagiza liandikiwe daftari. Yeye mwenyewe aliandika humo kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Unguja utotoni, akiingiza tarehe, hali ya hewa na kiwango cha ubora wa mawimbi, na sehemu kubwa ya yanayoelezwa hapa imetokana na daftari hilo.

Kabla ya dishi palikuwa na redio. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilirusha matangazo yake kwa mawimbi mafupi kutoka mtambo wa Dole, Unguja, katika masafa ya kilohezi 11,735, masafa yakiwa ni idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, na nyakati za jioni sauti hiyo ilifika Ghuba bila taabu, kwa kuwa mawimbi mafupi hudunda katika tabaka la juu la angahewa na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali na yalikotoka. Aliyetaka kusikiliza alihitaji redio ya mkononi na waya mrefu wa kutundika dirishani, basi. Wimbi fupi hupanda na kushuka kwa hali ya jua na majira, lakini halina mpaka uliochorwa na mhandisi. Setilaiti inao mpaka huo, na tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya televisheni iwe mzigo ambao redio haikupata kuwa.

Anayetembea katika mitaa ya Maskati huyaona madishi ya nyumba zote yakitazama upande mmoja, kusini magharibi na magharibi, zilipo setilaiti za Arabsat kwenye nyuzi 26 mashariki na Nilesat kwenye nyuzi 7 magharibi, ambazo hubeba mamia ya chaneli za Kiarabu. Chaneli za Tanzania hazikuwa huko. Kadhaa kati yake zilirushwa wakati huo kupitia setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, na kutoka Seeb setilaiti za bahari hiyo hukaa karibu kabisa na kusini, juu sana, nyuzi 60 na ushee kutoka upeo wa macho. Dishi la bibi kwa hiyo lilitazama mbingu kama bakuli lililoinamishwa kidogo, na majirani waliuliza mara nyingi kama limevunjika.

Halikuwa dishi la kawaida hata kwa ukubwa. Matangazo hayo yalitumia bendi ya C, yaani masafa ya takriban gigahezi 3.4 hadi 4.2, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita saba na nusu, wakati madishi madogo ya mijini hutumia bendi ya Ku, yenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 na wimbi la sentimita mbili na nusu hivi. Mashirika ya utangazaji ya nchi za joto yamependa bendi ya C kwa sababu mvua kubwa haiimezi kama inavyoimeza Ku. Hasara yake ni kwamba nguvu inayofika chini ni ndogo na dishi hupaswa kuwa na upana wa mita mbili au zaidi. Lile la Seeb lilikuwa na mita 2.4, nalo lilisukwa kwa wavu wa alumini, jambo lililowashangaza watoto, kwani waliona mawimbi yatapenya matunduni kama maji katika chujio. Hayapenyi, kwa maana tundu la milimita chache ni dogo mno kwa wimbi la sentimita saba, na wimbi huuona wavu kama ukuta, ilhali upepo huuona kama dirisha.

Fundi aliyelifunga alitoka Kerala, akiwa na Kiarabu cha kazini na subira isiyo na kifani, na yeye ndiye aliyegundua kwa nini siku ya kwanza mawimbi yalionekana yapo lakini picha haikutoka. Mawimbi ya setilaiti nyingi husafiri yakiwa yamesimama wima au yamelala; yale ya setilaiti hiyo yalizunguka kama skurubu inavyozunguka ikiingia katika mbao. LNB, yaani kifaa kinachokaa mbele ya dishi, ambacho huyapokea mawimbi yaliyokusanywa, huyakuza na kuyashusha katika masafa ambayo waya unaweza kuyabeba hadi ndani, ilitengenezwa kwa mawimbi ya wima na mlalo, na ilipopewa yanayozunguka ilipoteza nusu ya nguvu yake. Dawa ilikuwa kipande bapa cha tefloni, kilichokatwa kwa kisu na kuchomekwa katika koo la LNB kwa pembe ya nyuzi 45. Kipande hicho hakikuzidi thamani ya kikombe cha chai, na bila yake dishi lote lisingekuwa na kazi.

Kupata nusu ya nguvu zaidi au kuikosa ni suala la kufa na kupona kwa anayeishi ukingoni, na hapo pana jambo ambalo wengi wanaonunua madishi ugenini hawaelezwi. Enzi za televisheni ya analogia picha iliharibika polepole: kwanza chenga chache, kisha chenga nyingi, na mtazamaji mwenye hamu angeweza kuufuatilia mpira katikati ya chenga hizo mpaka mwisho. Mawimbi ya dijitali hayana huruma ya namna hiyo. King'amuzi hurekebisha makosa yote hadi kiwango fulani, picha ikabaki safi kabisa, na yakizidi kiwango hicho kwa kidogo tu picha huvunjika vigae vigae, ikaganda na kupotea. Wahandisi hupima nafasi iliyobaki kabla ya kuanguka huko kwa desibeli, kipimo cha uwiano ambacho ndani yake desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu maradufu au kuipunguza nusu. Kutoka dishi la mita 1.8 kwenda la mita 2.4 mtu hupata desibeli mbili na nusu, na kwa Seeb desibeli hizo ndizo zilizotenganisha taarifa ya habari na kioo cheusi. Aidha, ving'amuzi huonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na wasiojua huutazama wa nguvu, ambao hupanda hata dishi likiwa limeelekea kwingine kabisa. Wa ubora ndio unaosema kweli, na katika daftari la bibi huo peke yake ndio ulioandikwa.

Kulielekeza dishi kubwa ni kazi ya watu wasiopungua watatu. Mmoja hukaa darini akilegeza na kukaza nati, wa pili husimama kwenye ngazi, na wa tatu hukaa mbele ya televisheni akisoma tarakimu, ambazo hupazwa kutoka sebuleni hadi ngazini na kutoka ngazini hadi juu ya paa. Katika nyumba ya Seeb msomaji alikuwa bibi mwenyewe, naye alisoma kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuona sababu ya kusoma televisheni ya kwao kwa lugha nyingine. Wajukuu waliowekwa ngazini, ambao walizungumza Kiarabu wao kwa wao na kumjibu bibi yao kwa maneno mawili matatu, walilazimika kuzikamata tarakimu hizo na kuzirusha juu bila kuzikosea: thelathini na mbili, thelathini na nane, hapo hapo, umepitiliza, rudi kidogo, polepole mwanangu. Aliyesikia sitini badala ya sita aliwagharimu wenzake robo saa juani. Katika muda wa miaka minne au mitano watoto hao walijifunza darini hesabu, pande za dira, majina ya zana, amri na kanusho zake, pamoja na namna ya kugombana na kupatana kwa Kiswahili, kwa ukamilifu ambao chaneli yenyewe, waliyoitazama wamelala chali huku akili ziko kwingine, haikuwapa. Wanaojadili lugha za wahamiaji huhesabu saa ambazo mtoto hukaa mbele ya matangazo ya lugha ya wazazi. Uzoefu wa Seeb unamfanya mwandishi aamini kwamba hesabu hiyo huacha nje jambo kubwa, nalo ni kazi ya pamoja ambayo haiwezi kufanyika ila kwa lugha hiyo.

Kazi hiyo haikukosekana, kwa sababu dishi la ukingoni haliwekwi mara moja likasahauliwa. Hewa ya chumvi ya pwani ya Seeb ilizila shaba za maungio ya waya, na kila baada ya miezi michache ubora ulishuka nukta mbili tatu bila sababu ya kuonekana, mpaka ikajulikana kwamba kila ungio linapaswa kufungwa kwa utepe wa mpira na kubadilishwa kabla halijaoza. Joto la Juni na Julai lililegeza wavu. Juni 2007 Kimbunga Gonu kiliipiga pwani ya Omani, kikafurisha mabonde na kuzitenga njia za Maskati. Nguzo ya dishi ilipinda na wavu ukakunjamana, na wiki mbili zilipita kabla mtu yeyote hajaona kuwa ni haki kuuliza habari ya televisheni wakati majirani wakitoa matope vyumbani. Aliyeuliza kwanza alikuwa bibi, na hakuuliza kwa ajili ya burudani: alitaka kujua kama huko nyumbani kumetangazwa kwamba Waswahili wa Maskati wamesalimika.

Kuna pia kupotea kwa mawimbi ambako si kosa la yeyote. Mara mbili kwa mwaka, karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti likitazamwa kutoka mahali dishi lilipo, na kwa kuwa jua nalo hutoa mawimbi ya redio kwa wingi, dishi hujaa kelele za jua na sauti ya setilaiti huzama humo. Kwa Seeb, iliyo kaskazini mwa ikweta, jambo hilo hutokea kabla ya usawa wa Machi na baada ya ule wa Septemba, kwa siku chache mfululizo, kwa dakika kadhaa, muda mfupi kabla ya adhuhuri. Mwaka wa kwanza fundi aliitwa bure. Mwaka wa pili daftari lilifunuliwa, tarehe zikalinganishwa, na bibi akaandika pembeni kwamba siku hizo asitukanwe mtu wala lisiguswe dishi.

Mambo ambayo nati na spana haziwezi kuyatengeneza ni ya aina nyingine, na kwa hayo mhamiaji hujifunza mahali anaposimama kweli. Shirika la utangazaji likihamisha chaneli kutoka mfumo wa ubanaji picha wa MPEG-2 kwenda MPEG-4 ili liokoe gharama ya kukodi nafasi katika setilaiti, king'amuzi cha zamani hubaki na sauti bila picha, au bila chochote. Likihamia setilaiti nyingine, mwenye dishi huamka asubuhi akakuta mawimbi yametoweka, na tangazo la masafa mapya hutolewa kwa watazamaji wa nyumbani, katika chaneli ile ile ambayo yeye haipati tena. Mechi za ligi zikiuzwa kwa kampuni ya kulipia, haki zinazouzwa huwa za nchi zilizotajwa katika mkataba, na Muunguja wa Seeb aliye tayari kulipa huambiwa kwamba eneo lake halimo. Hakuna mtu aliyekusudia kumdhuru. Katika hesabu za waliokaa mezani hakuwepo, na kwa mtu ambaye jioni yake yote imejengwa juu ya picha hiyo, kutokuwepo huko kuna uchungu wake.

Yaliyowapata Waingereza wa Uhispania yanalionyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Setilaiti ya Astra 2D, iliyorushwa Desemba 2000 na kukaa kwenye nyuzi 28.2 mashariki, ilikuwa na mwale uliolengwa Uingereza na Ayalandi, lakini ukingo wake ulimwagika hadi pwani za Uhispania, ambako maelfu ya wastaafu wa Kiingereza walisimamisha madishi makubwa bustanini wakatazama BBC kwa miaka. Mwaka 2014 chaneli hizo zilihamishiwa setilaiti mpya yenye mwale uliobanwa zaidi, na katika sehemu nyingi za kusini mwa Uhispania madishi hayo hayo yalibaki matupu. Kuubana mwale kulikuwa na sababu zake, kwani wenye filamu na mashindano ya michezo huuza haki kwa nchi moja moja na hawapendi picha zivuke mpaka. Jambo la kutazamwa ni kwamba watu wa taifa tajiri, wanaoishi saa mbili tu kwa ndege kutoka kwao, walijikuta katika hali ile ile ya bibi wa Seeb.

Sheria nayo imeingia katika habari hii, na kwa heshima kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 9 Februari 1994 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitoa uamuzi kuhusu mpangaji wa Kituruki ambaye mwenye nyumba alimkatalia kuweka dishi. Ilisema kwamba mgeni anayeishi nchini humo ana masilahi halali ya kupata habari za kwao na kudumisha uhusiano na utamaduni na lugha yake, na kwamba mahakama za chini zilipaswa kuyapima masilahi hayo dhidi ya haki ya mwenye mali. Desemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ilikwenda hatua mbele katika kesi ya familia yenye asili ya Iraki iliyopoteza nyumba yake ya kupanga Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, kwa kukataa kuliondoa dishi lao. Sweden ilionekana imevunja uhuru wa kupata habari, na majaji walieleza kwamba habari zinazolindwa si za siasa peke yake, bali hata za utamaduni na burudani tupu. Mwandishi hakulijua hilo alipokuwa Seeb, ambako nyumba ilikuwa ya bibi mwenyewe na hapakuwa na wa kumkataza, lakini alipolisoma baadaye aliona kwamba mahakama imewatetea watu ambao hata jamaa zao huwaona wanang'ang'ania kitu kidogo. Taarabu ya sikukuu, ambayo bibi aliingoja kuliko taarifa ya habari, ni burudani tupu. Nayo ndiyo iliyomrudishia sauti za watu aliokua nao.

Leo wengi watasema kwamba intaneti imemaliza mjadala, kwa kuwa chaneli nyingi za Tanzania hupatikana kwenye simu. Ni kweli kwa sehemu. Unyayo wa setilaiti ulikuwa wa kimaumbile na ungeweza kubishana nao kwa wavu mkubwa zaidi. Intaneti huutambua mji wa mtazamaji kwa anwani ya kifaa chake na kuufunga mlango pale pale. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2018 humruhusu mlipaji kusafiri na huduma yake ndani ya nchi za umoja huo, lakini kwa safari ya muda tu. Aliyehamia moja kwa moja haimhusu. Madishi ya bendi ya C nayo yanabanwa kutoka upande mwingine, kwani simu za 5G katika nchi nyingi, za Ghuba zikiwemo, hutumia masafa ya jirani ya gigahezi 3.5 hivi, na mnara wa simu ulio mtaani huifurisha LNB ambayo kwa miaka imezoea mnong'ono kutoka kilomita 36,000.

Ndivyo ilivyokuwa Seeb mwandishi alipofika kwa ziara mwaka 2021. Mnara mpya ulisimama mita mia tatu kutoka nyumbani, ubora ulikuwa umeshuka hadi sifuri, na mjukuu wa pili wa bibi, kijana aliyekuwa akisimama ngazini, alikuwa amenunua kichujio cha kuzuia mawimbi ya simu na kukifunga mbele ya LNB. Alipanda darini mwenyewe jioni ile. Bibi, ambaye macho yake hayakuona tena vizuri, alimwachia mwandishi kusoma tarakimu, akawa anazirudia kwa sauti kuelekea ngazini, ambapo sasa alisimama binti wa kijana huyo mwenye umri wa miaka saba. Katika daftari, chini ya maandishi ya hati za Kiarabu, ipo mistari miwili ya herufi za Kirumi yenye makosa ya tahajia: tarehe, hewa tulivu, ubora 44, na neno *bado* lililokatwa kwa mstari mmoja.